Dada Yetu na Perege wa Maji Baridi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa kiume, na familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Vifaranga.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1968, mtoto wa pili wa fundi bomba na mshona nguo, akasoma hapa mjini hadi sekondari, kisha chuo cha uvuvi, na mwaka 1991 akaajiriwa katika kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Mwaka 1994 alifunga ndoa na dereva wa kituo hicho, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakilalamika kwamba mama anatambua ugonjwa wa samaki kabla ya homa yao.

Hofu ilimwingia mwaka 2009, wafugaji wa samaki wa milimani walipopoteza mabwawa mazima, kwa sababu perege wetu walikuwa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwenye maji ya vuguvugu, wakanenepa haraka, lakini baridi ikawamaliza. Tangu hapo akawa anachagua samaki wazazi huko huko milimani, wale waliovuka baridi wakiendelea kula, na roho haikumtulia, maana walikua polepole na mkuu wa kituo alitaka kuwaondoa. Dada alimwambia, "Mzee, ukiwaondoa hawa, baridi kali ikirudi utawapa watu nini?" Akapewa msimu mmoja wa mwisho.

Ndipo moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa Mei mwaka huu, baridi ikiwa imezidi kuliko miaka yote, na kila tulipoingia wodini aliuliza, "Wanakula?" nasi hatukujua, maporomoko ya udongo yalikuwa yamefunga barabara ya milimani. Shemeji akapanda kwa miguu. Tarehe 3 Juni alipiga simu kutoka ukingoni mwa bwawa, akitweta, "Mwambie wanagombania chakula!" nikamwekea dada simu sikioni, akasikiliza, akasema, "Basi shuka, utapata mafua." Alifariki jioni ile, mumewe akiwa bado njiani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, na mkuu wa kituo, aliyetuambia jana kwamba samaki wale watabaki.

Dada, mumeo ameshuka salama. Pumzika kwa amani.