Hürü na Hina Iliyokauka

Wasikilizaji wapendwa, kama mna chai motoni, ishusheni kwanza. Bibi Hürü wa Karaçalı ametutoka. Tulimzika Jumanne, theluji ikianguka. Bibi Hürü, mwenye wimbo wake.

Ndiyo, wimbo ule ule. Ule mnaouimba kila usiku wa hina, bibi harusi amefumbata mkono, mama mkwe anangojwa aweke sarafu ya dhahabu:

"Fumbua, Hürü, fumbua,
hina yakauka siniani."

Mnapiga makofi, mnadhani unamsema bibi harusi mwenye tamaa. Tamaa gani? Hürü alikuwa hataki kuolewa na mtu yule!

Narudia, isije ikampita mtu: alikuwa hataki. Baba yake, Rüstem, aliahidi kumwoza kwa mwana wa mwenye kinu cha unga. Hürü alimpenda Haydar, fundi aliyezunguka vijijini akipaka bati sufuria za shaba. Kiangazi kizima alimpelekea sufuria ile ile. Inang'aa kama kioo, naye anadai imechakaa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Asiyeona alikuwa Haydar peke yake.

Ukafika usiku wa hina. Mama mkwe akaweka sarafu juu ya ngumi ya Hürü. Ngumi haikufumbuka. Akaongeza nyingine. Wanawake wakacheka: "Heh, huyu anaijua bei yake!" Mama mkwe akavua bangili yake mwenyewe. Hapo Hürü akasema, "Mama, vaa bangili yako. Hata ukiniletea kinu chenyewe, sifumbui."

Kicheko kikakatika. Bila hina hakuna harusi. Wageni wakaondoka, na hina ikakaukia pale pale.

Binti wa Hürü, Elmas, alinisimulia kama alivyosimuliwa na mama yake. Rüstem alifoka, "Utakaa humu mpaka nywele ziwe nyeupe!" Hürü akajibu, "Nitakaa, baba. Kuni tunazo?" Baba hakumsemesha tena. Hürü akaoka mkate, akakamua kondoo, akala peke yake jikoni. Iliuma, wapendwa, tusijidanganye. Lakini hakuyumba.

Wanawake nao wakamtungia ubeti wa kumcheka, ndio huo mnaoujua. Ukatembea kijiji kwa kijiji hadi ukamfikia Haydar, amechutama mbele ya makaa yake. Akamuuliza mama mmoja aliyeleta sufuria, "Kwani huyo Hürü anamngoja nani?"

Yule mama akamtazama. "Ee maskini wa Mungu! Si ni wewe!"

Haydar akaacha sufuria za watu, akachukua saz, gambusi yake ya shingo ndefu, akaongeza ubeti wa pili. Huu hamuuimbi:

"Usifumbue, Hürü, usifumbue,
niko njiani, theluji magotini."

Huo ndio moyo wa wimbo. Ubeti wa kwanza ni dhihaka. Wa pili ni mapenzi. Nao ulikuwa wa kweli, maana alikwenda kwa miguu. Rüstem akamfukuza. Akarudi, akafukuzwa tena. Alirudi mpaka mzee akachoka: "Mchukue! Nilidhani nimezaa mtoto, kumbe nimezaa nyumbu." Hürü alipenda sana kuisimulia hiyo, huku akijipiga kifua. Wakaishi pamoja mpaka Haydar alipotangulia.

Sasa sikilizeni hili. Vuli iliyopita ilikuwa zamu ya Sevgül, binti wa Elmas. Wanawake wakaanza, fumbua, fumbua. Bibi Hürü akagonga sinia kwa fimbo yake. "Nyamazeni! Mjukuu wangu, unamtaka huyu kijana?"

Sevgül akainamisha kichwa, akalia.

Elmas akamnong'oneza mama yake, "Mama, tafadhali, wageni wameshakula!"

"Wameshakula?" akasema Bibi Hürü. "Vizuri. Basi hawataondoka na njaa."

Na wakaondoka.

Elmas, Sevgül, na watu wote wa Karaçalı, poleni sana. Mungu amrehemu Bibi Hürü, na udongo wake uwe mwepesi. Nasi tuliobaki tujitazame. Najua Jumamosi hii kuna hina mjini. Kabla hamjapiga kofi hata moja, muulizeni binti. Akinyamaza, msimbembeleze kwa dhahabu. Ondoeni sinia, wapeni wageni viatu vyao. Watasema, ndiyo, watasema hadi wachoke. Lakini si wao watakaoamka kila asubuhi na mume huyo.