Kisu cha Pampu

Kwenye kona moja ya mtaa wa Bondeni, Nakuru, mahali ambapo upepo wa ziwani huleta vumbi jeupe mpaka ndani ya vikombe, pana benchi la mwerezi ambalo halijawahi kukosa watu wenye maoni. Mbele yake hukaa Bashir, ambaye mji mzima humwita Buli kwa ajili ya buli lake la shaba, naye huuza kahawa chungu na kusikiliza upuzi bure. Siku hiyo benchi lilikuwa na watu watatu. Kosgei alipigana vita vya Bama, ng'ambo ya bahari, chini ya Mwingereza, akarudi na koti la jeshi na jina hilo hilo, Bama. Gelle, mfanyabiashara wa mbuzi, huitwa Shahamu, maana hakuna ugonjwa duniani ambao hajautibu kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Wa tatu alikuwa Hemed, fundi cherehani, Sindano kwa wenzake. Juu ya goti la kulia alikuwa na kisu cha kukunja, juu ya la kushoto nyundo ndogo, na moyoni hakuwa na raha hata chembe.

— Hebu fungua tena, akasema Bama.

Hemed akakifungua. Akalishika bapa kwa vidole viwili, akalisukuma huku na huku. Likacheza. Ka-ka, ka-ka.

— Hii imelegea, Bama akatoa hukumu.

— Hilo tumeliona tangu kahawa ikiwa jikoni, akasema Buli.

— Wewe unaona kahawa tu. Sikiza mimi. Kule Bama visu ya jeshi ilikuwa inalegea namna hii hii. Sababu ni mvua. Chuma inakunywa maji, inafura. Jua ikitoka, inakonda. Ikikonda, inacheza.

— Na dawa yake? akauliza Hemed.

— Tulikuwa tunazika kwa mchanga ya moto. Asubuhi unafukua, imekaza kama roho ya sajenti.

— Hapana moto, akaingia Shahamu. Chuma ya zamani ni kama mzee, ukimtisha anavunjika. Hii ni mafuta ya kondoo. Unapaka, unafunga na kitambaa, unalalia. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingiaje hapa? akauliza Buli.

— Mafuta si unapaka kidogo kidogo?

— Mafuta huteleza, Shahamu! akasema Buli. Kinachoteleza kitakazaje? Mimi ningekitupa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo bapa si linajitembeza hapo mnaliona?

Wakacheka. Hemed hakucheka, kwa sababu kisu hakikuwa chake.

Kilikuwa cha Ndirangu, fundi wa baiskeli, Pampu wa benchi hili hili. Mwaka ule wa hali ya hatari na msako, askari walipoziba njia huku na huku na kuanza kuwatoa Wakikuyu madukani na barazani, Pampu alikuwa ameketi hapa akimenya muwa. Siku hizo, Mkikuyu akikutwa na kisu mfukoni, ilikuwa balaa juu ya balaa. Akakifuta kwenye suruali, akakikunja, akakitia kiganjani mwa Hemed. “Nishikie kidogo, Sindano,” akasema, kama mtu anayekwenda kujaza gurudumu upepo. Akapandishwa lori pamoja na wengine. Baadaye ikasikika kuwa yuko kizuizini Manyani, na baada ya hapo haikusikika tena.

Kidogo hicho kilikuwa kimeingia mwaka wa tatu.

Juzi tu, Wangui, mkewe Pampu, alituma neno kwa dereva wa maziwa kutoka Subukia, kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi. Mumewe amehamishiwa kambi ya karibu na kwao Nyeri. Siku atakayofunguliwa ataachiwa huko huko, na ruhusa ya kurudi Nakuru haipo. Yeye mwenyewe anakwenda kukaa kwa mama mkwe. Leo lori lingepita mjini, naye angeshuka kuchukua kisu cha mumewe.

Kwa hiyo kisu kilikuwa kinaondoka, na Pampu harudi. Hemed alikuwa amelala na habari hizo mbili, akaamka nazo, na bado alikuwa hajazikubali.

Amana hurudi kama ilivyokuja, na hiki kilikuja kimekaza. Dawa aliijua, tena alifundishwa na Pampu mwenyewe, papa hapa. Unalaza kisu juu ya kipande cha chuma. Unapenyeza karatasi nyembamba ya sigara kati ya bapa na mpini, lisije likabanwa likakataa kufunguka. Kisha unagonga kichwa cha pini inayoshika bapa, taratibu, upande huu, unageuza, upande ule, mpaka bapa liache kucheza. Unavuta karatasi, unatia tone la mafuta ya cherehani, basi. Ni kazi ya kikombe kimoja cha kahawa. Lakini Hemed alikuwa ameingia kikombe cha tatu, karatasi iko mfukoni, nyundo iko gotini, na bado anawauliza watu shauri, kwa sababu wakati wanabishana kisu kilikuwa bado chake kukishika.

— Nyinyi hamjui kisu, akaanza tena Bama, safari hii kwa sauti ya chini. Kisu na mwenyewe ni kitu moja. Mwenyewe akikonda, kisu inakonda. Kisu ikilegea hapa, ujue huko mwenyewe meno inalegea.

Buli akaweka buli chini.

— Bama, nyamaza, akasema Buli.

— Unasema Pampu hana meno? akauliza Hemed.

— Sijasema hana. Nasema inacheza. Chakula ya kule ni kavu.

— Sasa, akasema Shahamu polepole, huku akiivuta ndevu yake, tukikaza hii, meno yake huko si itakaza?

Wakatazamana. Hapakuwa na mtu aliyeamini, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kutoamini.

— Gonga basi! akasema Bama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu ni hiyo kichwa ya pini. Gonga!

— Pole pole! Ukizidisha atashindwa kufungua mdomo! akadakia Shahamu.

— Hiyo ni taya ya mtu, Sindano! akasema Buli.

Hemed alilaza kisu juu ya jiwe la chuma la mizani ya kahawa ya Buli, akapenyeza karatasi, akainua nyundo. Mkono ukabaki juu. Akilini alimwona Pampu akitafuna muwa kwa jino lake la pembeni lililo kando ya pengo; Hemed akacheka peke yake, na macho yakamjaa machozi.

— Hodi, wazee.

Alikuwa Wangui, amefunga kitambaa cha safari, mzigo mgongoni, na nyuma yake lori likinguruma. Wakamwamkia, wakasogea apate nafasi. Hakuketi.

— Shemeji, dereva hanipatii nafasi ya kukaa. Iko wapi?

Hemed akateremsha nyundo, akampa kisu kwa mikono miwili. Wangui akakifungua. Bapa likacheza, ka-ka. Akalitazama bapa kwa muda, akalipitisha kidole.

— Kunoa ni ile yake, akasema. Alama ya jiwe lake bado iko. Hii haijakata hata kitunguu.

— Haki ya Mungu, shemeji, sijakata nayo kitu.

— Naona. Sasa kama haikufanya kazi, imelegezwa na nini?

Bama akatazama koti lake. Shahamu akatafuta ndevu, asiseme neno la kondoo. Buli akafuta kikombe kisicho na uchafu. Kwa mara ya kwanza tangu lile benchi lipigwe msumari, swali lilikosa mtu mwenye maoni.

Hemed alilijua jibu. Pampu alikuwa na tabia hiyo: mazungumzo yakinoga, kidole gumba chake hufungua na kufunga kile kisu, ka, ka, ka. Alipochukuliwa, benchi likawa kimya mno. Basi kila magharibi, akishafunika cherehani, Hemed alikitoa, akakifungua, akakifunga, akasikiliza. Alimkumbuka mno rafiki yake, na hakuwa na njia nyingine ya kumsikia.

Wangui alikuwa hatazami kisu tena. Alikuwa anatazama mkono wa Hemed juu ya goti. Kidole gumba kilikuwa kinakwenda na kurudi, hakina kitu.

Hemed akauona mwenyewe, akauficha mkono.

— Lete nigonge mara moja, shemeji. Ni dakika tu. Kitakuwa kama alivyokiacha.

— Usigonge, akasema Wangui.

Akakikunja, akakifunga kwenye ncha ya leso.

— Nitampatia hivi hivi. Ataifungua mwenyewe, na mkono yake itajua.

Dereva akapiga honi. Akawapa mkono mmoja mmoja, na wa Hemed akaushika kwa muda zaidi, kisha akaenda zake. Lori likaingia vumbini.

Bama akakohoa.

— Lakini huyu mama hata hakutwambia, imelegezwa na nini.

— Kahawa imekwisha, akasema Buli.

— Imekwisha? Saa hii?

— Imekwisha. Nendeni.

Bama na Shahamu wakainuka wakinung'unika. Walipofika mbali, Buli akainua lile buli, lilikuwa bado zito, akammiminia Hemed kikombe, akaketi pembeni yake.