Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Kwenye kivuko cha kwenda Kamanga nilikaa nyuma ya muuguzi Odeta na Machibya, afisa ustawi wa jamii. Majina niliyasoma kwenye vitambulisho vyao. Mengine yaliyafuata masikio yangu yenyewe.

"Nilimfundisha vizuri," Odeta alisema. "Kusafisha kidonda, kufunga bandeji, siku ya kliniki. Akaitikia yote, bibi mgonjwa akaruhusiwa kurudi nyumbani."

"Kidonda kiko wapi?"

"Pajani."

"Na uliyemfundisha ni nani wake?"

"Mkwewe. Binti mwenyewe alikuwa amejifungua juzi yake."

Machibya akatikisa kichwa. "Dada, Msukuma gani atamfunua mama mkwe paja? Wiki nzima bandeji ni ile ile uliyoifunga wewe."

Odeta akafikiri. "Ndiyo maana alikuwa anaangalia ukutani. Nilidhani anaogopa damu. Si angesema?"

"Aseme vipi, na mama mkwe yuko pale kitandani anamsikia?"

"Basi kuuliza nyumbani kuna nani ni kazi ya ustawi, kaka."

"Ni yangu. Lakini faili lilinifikia bibi ameshaondoka."

"Ningekusubiri mpaka lini, na wagonjwa wawili wanagombea kitanda kimoja?"

Nilitamani tuzunguke ziwa zima nijue nani ana haki, ila kivuko kilifika. Mwanaume mwenye pikipiki alikuja mbio kuwapokea wawapeleke kwa bibi. "Ndiye yeye," Odeta alinong'ona.

"Shikamooni," mkwe alisema kwa furaha. "Sasa nani kati yenu atakuwa anakuja kila siku?"

Wote wawili wakageukia ziwani.