Kidole Kimoja cha Bi Sekela

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Sekela Mwambungu wa kitengo cha mazoezi tiba cha hospitali yetu anastaafu. Alipopangiwa Mbinga akitokea Rungwe alijigamba kwamba baridi haimtishi. Asubuhi ya pili alikuja kazini amejifunga blanketi, na hatujaacha kumtania hadi leo.

Kanuni yake ni moja. Mgonjwa hapewi jina la ugonjwa kabla hajaonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma. Anayeweka kiganja kizima, mara nyingi ni msuli. Anayegusa pale pale kila akiulizwa, huyo Bi Sekela hamwachii.

Wengi tunamkumbuka Tadea wa Mkumbi, mwanafunzi na mkimbiaji tegemeo wa shule yake, aliyeletwa akichechemea msimu wa kuchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani. Msimu huo kila maumivu huku Umatengoni huitwa uchovu wa jembe. Mama yake mdogo, Serafina, alikuwa amemkanda kwa maji ya moto mpaka binti akalia, na mguu ukazidi kuuma. Mbio za mkoa zilikuwa zimekaribia. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, na Mwalimu Placidi, kocha wake, alikwisha kushangilia.

Bi Sekela akamwambia aonyeshe. Kidole kikatua kwenye mfupa wa muundi, na kila alipoulizwa kikarudi hapo hapo. Akamdadisi, akagundua kuwa siku za karibuni binti alikuwa ameongeza mazoezi kupita kiasi, akishuka mlima mbio asubuhi na jioni. Akasema mfupa umeanza kupata ufa, na ufa mchanga hujificha kwenye picha ya kwanza. Akikimbia, utavunjika.

Mwalimu alifoka, Serafina akanuna, na Tadea akaacha kumwamkia. Kwetu, mtoto kumnyima mtu mzima shikamoo si jambo dogo, na tunajua lilimuuma Bi Sekela. Lakini hakurudi nyuma. Alisema wamnunie watakavyo, mguu ule haukimbii. Daktari alimuunga mkono, na mbio zikapita bila Tadea.

Picha ya pili, wiki chache baadaye, ilionyesha ufa ulioanza kuunga. Serafina alileta kikapu cha mahindi mabichi, akakiweka mlangoni kwa Bi Sekela, akaenda zake. Mwaka uliofuata Tadea alikimbia kule Mbamba Bay, kando ya ziwa, akawa wa pili. Kabla hajanywa hata maji alimtafuta Bi Sekela kwenye umati, akapiga goti na kumpa shikamoo. Tuliokuwepo tulitokwa na machozi.

Bi Sekela, asante kwa kufundisha si miguu yetu peke yake, bali na subira yetu. Mema yote yakufuate Rungwe, na blanketi usilisahau. Tumejaribu kuonyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma unapoondoka, tumeshindwa. Tumeweka kiganja kizima kifuani. Kwa kanuni yako hilo si la mfupa, basi tutapona.

Shikamoo, mama.