Asilimia Tisini na Mbili

Benchi letu lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Liko kati ya cherehani yangu na kibanda cha Dobi, na mbele yake limesimama bomba la mtaa, limefungwa utepe uliokuwa mwekundu kabla jua halijaushughulikia. Asubuhi tunakaa walewale: Redio, anayejua habari hata kabla hazijatokea, Profesa, aliyekuwa karani wa masjala mpaka masjala ikamchoka, Dobi mwenyewe, na mimi, fundi. Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, ila anatugombeza kama aliyetulea. Siku hiyo Dobi alikuwa ameweka mapajani suti nyeupe ya mikono mifupi, ina doa la mchuzi kifuani. Suti ni ya mkubwa wa idara ya maji. Mkononi ameshika karatasi aliyoitoa mfukoni mwa suti hiyo.

— Mimi nguo lazima niipekue mifuko kabla ya kuloweka, alisema Dobi. Leo nimekuta hotuba. Ya kesho, ya kukata huu utepe.

— Soma, alisema Redio.

Dobi akakohoa kidogo, akatoa sauti ya kikubwa:

— "Najivunia kutangaza kwamba asilimia tisini na mbili ya wakazi wa mtaa huu wamepokea maji safi na salama."

Shangazi akacheka mpaka vikombe vikagongana.

— Tisini na mbili! Mbona sijakutana nao?

— Subirini, alisema Redio. Mimi hii naijua. Hao watu wapo. Wanakaa kule mlimani, kwenye mageti. Mipaka imesogezwa juzi, mtaa wetu sasa umepanda mpaka kule.

— Kwa hiyo na mimi nakaa mlimani? nikamuuliza. Basi mbu wa kwangu bado hawajaambiwa.

— Redio, acha fiksi, alisema Profesa. Ninyi hamjawahi kufanya kazi masjala. Kuna ninyi, na kuna faili lenu. Faili ndilo lenye maji. Kwenye faili, huyu fundi anaoga mara mbili kwa siku.

Shangazi akanisogelea, akanusa.

— Faili limekosea.

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Shati nililovaa lilikuwa na siku ya nne.

— Haya, mnataka ukweli? Redio akashusha sauti, akatazama huku na huku kana kwamba kuku aliyepita pale angeweza kupeleka maneno. Kule juu kuna mashine. Wakitaka kumwagilia majani yao, inawashwa, inavuta maji yote ya huku chini. Ikikosa maji inavuta hata hewa. Ndiyo maana huku hata upepo hatuna.

— Haiitwi mashine, alisema Profesa. Inaitwa mgawanyo.

— Na huo upepo tumegawiwa asilimia ngapi? akauliza Shangazi.

— Nyie chekeni tu! Dobi akaipiga karatasi gotini. Wiki jana nimeambiwa, nikichelewesha tena, nguo za ofisi nzima zinahamia kwa dobi mwingine. Mapazia, vitambaa vya meza, sare za walinzi, zote. Suti hii inatakiwa leo mchana. Zikiondoka hizo nimebaki na nini? Soksi za Redio!

— Soksi zangu zina nini?

— Zipo tangu mwezi jana na hazijaona tone.

Hapo nikapandwa na hasira, sitaficha. Kwa huyo mkubwa maji yanafurika mpaka barabarani, ila nyumba nzima hakuna anayejua kunyoosha kola kama Dobi. Sasa mtu anamwagilia majani ambayo hata mbuzi haruhusiwi kuyala, halafu mchuzi wake anauleta huku kwetu, kwa mwanamume aliyeshika sabuni kavu. Nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, na nilikuwa bado nasema gari la idara liliposimama.

Akashuka dereva, mtu mzima, mpole.

— Hamjambo wazee wangu? Shikamoo, shangazi.

— Marahaba, kaka. Kaa.

— Nimefuata suti ya bosi. Nipe kimoja cha kahawa kwanza.

— Haijafuliwa, alisema Dobi bila kumtazama. Maji hakuna.

— Hakuna vipi? Si mlipokea? Mimi mwenyewe niliyaleta, siku ile wanafunga utepe. Makatoni kwa makatoni. Kila mtu chupa yake, anasaini: nimepokea maji safi na salama.

Chupa ile niliikumbuka vizuri. Ilikuwa ya baridi. Tena nilisaini mara mbili, nikapata ya pili. Redio alimsainia mkewe, mama mkwe wake na mpangaji aliyehama zamani. Profesa alisahihisha kwanza makosa ya fomu, ndipo akasaini, kwa mwandiko mzuri kuliko wote.

— Dobi, nikamuuliza, mbona wewe hukuwa kwenye mstari?

— Sikuwepo. Nilikwenda kutafuta maji.

— Basi asilimia nane ni wewe, alisema Profesa polepole.

Dereva akalitazama bomba, akanyoosha mkono, akafungua koki. Ikalia kidogo, ikatema mchwa mmoja.

— Sasa kama halitoi, akauliza, kesho bosi anazindua nini?

Aliuliza kwa nia njema kabisa, alitaka tu kujua. Redio akainamia viatu vyake. Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta, na ilikuwa safi. Mimi nikageukia cherehani nikatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Dobi peke yake ndiye aliyebaki akitutazama, mmoja mmoja, na suti yake mapajani.

Shangazi akainuka. Akachukua ndoo yake ya mwisho ya maji ya kahawa, aliyoibeba kichwani tangu mtaa wa tatu, akaimimina yote kwenye beseni la Dobi.

— Fua, mwanangu. Usipoteze kazi.

Dobi akaloweka. Mimi nikashika mkono mmoja wa suti, Redio akashika wa pili, Profesa akaambiwa asugue kola kwa ule mwandiko wake mzuri. Dereva akasubiri, akasubiri, mwisho akalichungulia birika.

— Shangazi, na kahawa yangu?

— Imekwenda kuzindua maji.