Wiki Tano za Merci

Papa na mama, wandugu wote, najua mahubiri ilikuwa ndefu na matako yenu imechoka na mbao. Munivumilie kidogo. Kesho watoto wetu watatu wa hapa Kalembe wanashika njia kwenda ekoli ya kusomea ualimu. Mumewaombea juu ya homa na juu ya mito. Ni vizuri. Mimi nitawaambia juu ya neno moja la Kifaransa, lile lilitaka kunirudisha nyumbani mikono mitupu.

Nilikuwa wa miaka yao. Mama yangu aliuza maharagi yake, akaninunulia shati na blanketi, nikatembea siku tatu. Kule kila kitu iko na kengele: ya kuamuka, ya kunawa, hata ya kunyamaza! Walinipa kitanda yangu mwenyewe. Miye niliyelala na wadogo zangu wawili, baridi ilinipiga pande zote. Hayo nilivumilia.

Lakini chakula, wandugu! Mbele ya kuondoka, katekista wetu alinifundisha: "Mwana, Muzungu akikupa kitu, sema merci. Njo aksanti yao. Batakupenda." Nikarudilia ile neno njia yote.

Kwenye nyumba ya kulia, kila muntu alipata kipande cha bukari, ule ugali wetu, na kijiko kimoja cha maharagi. Kisha mutawa mumoja mwenye ndevu, tulimwita Furere, alipita na sufuria ya kuongeza. Anasimama mbele yako, anauliza: "Encore?" Ni kusema, nikuongeze? Siku ya kwanza nikasimama wima, nikasema kwa sauti: "Merci, mon Frère!" Akatikisa kichwa, akapita. Mwenzangu wa pembeni akasema "oui", ndiyo, sahani yake ikajaa.

Kesho yake nikasema merci, akapita. Kesho kutwa nikaongeza: "Merci beaucoup!" Akapita mbio zaidi. Cheka, mama, cheka. Miye sikucheka. Wiki tano!

Moyo wangu ukaharibika. Nikasema, huyu ananichukia juu nimetoka mulimani, juu shati yangu iko moja tu. Njaa ikanilaza mu klasi, alama zikaanguka. Wenzangu walicheka Kifaransa yangu, nikaacha kuongea nao. Sikuuliza hata muntu mumoja. Nasema ukweli: ilikuwa haya, na kiburi pia.

Wiki ya sita, Furere akafika na sufuria yake. "Encore?" "Merci." Alipoinua muguu apite, nikashika sufuria na mikono miwili. Akavuta, nikavuta. Maharagi ikamwagikia kwenye kanzu yake nyeupe. Nikapiga kelele, tena kwa Kiswahili, kile walikataza pale: "Furere, na miye niko muntu! Juu ya nini unanichukia?"

Direkta, mukubwa wa ekoli, akaniita mu biro yake. Mupishi, papa mumoja aliyetoka Shasha, akaitwa atafsiri. "Anasema ukusanye vitu vyako," papa akaniambia polepole, "urudi kwenu leo."

Nikajibu: "Mumwambie sirudi. Anipige, nitapigwa. Anipe kazi, nitafanya. Lakini ule Furere, kila siku ninamushukuru na kila siku ananinyima. Anieleze kwanza juu ya nini."

Mupishi akaniangalia. "Unamushukuru namna gani, mwana?"

"Ninasema merci."

"Mbele akutilie, ao kisha?"

"Mbele."

Papa akashika kichwa. "Ee Mungu wangu! Kwao, ukisema merci mbele ya kupokea, iko 'hapana, nimeshiba'! Wiki tano umekatala chakula na kinywa yako mwenyewe!"

Direkta akamwita Furere, maharagi ingali kwenye kanzu. Alipoelewa, akakaa, akafunika uso. Nilizani anacheka. Alikuwa analia.

Azabu sikuiepuka: nilifagia nyumba ya kulia mpaka Noeli. Nikafagia, lakini nikabaki. Na leo miye njo ninafundisha watoto wenu.

Ninamushukuru ule papa wa Shasha, aliuliza swali kwanza. Ninamushukuru Furere, kesho yake alinijia na sufuria yake na Kiswahili ya kuvunjika: "Wewe napenda tena?" Ninamushukuru mama yangu. Katekista simulaumu, alinipa yote aliyokuwa nayo.

Ninyi watatu, simameni. Mutakosa, watawacheka, hakuna kitu. Ulizeni siku ya kwanza. Na muntu akikuambia rudi kwenu, mwambie akueleze kwanza juu ya nini. Si matusi, ni haki yako.

Nanyi wazazi, mutoto akitokea hapa mbele ya wakati, musimupokee mizigo. Mumuulize ni nini hakuelewa. Kisha mumulete kwangu. Nitamurudisha kwa miguu, siku zote tatu, na nitasimama mulangoni pa ekoli mpaka aingie.