Mbaazi Zilizofunikwa Moto

Salaam aleikum, na Bwana asifiwe. Kila mmoja achukue iliyo yake, chama chetu ni kimoja. Mama mwenyekiti, ahsante kwa nafasi. Leo nimekuja kusema habari ya wivu. Mkitaka kucheka, chekeni.

Mnanijua. Tangu nilipofiwa na mume nauza mahamri na mbaazi za nazi langoni mwa sekondari. Kisha akaja jirani mmoja kutoka bara, akafungua hoteli ng'ambo ya barabara. Ndugu zangu, nawaambia, mahamri nilimfundisha mimi! Kukanda, kungoja unga uumuke, iliki kiasi gani, yote. Punde si punde wateja wangu wakavuka barabara, nikabaki kutazama migongo yao.

Basi wanafunzi wakapanga kuuza chakula siku ya wazazi, wapate tangi la maji, maana kisima chao kina chumvi. Wakatafuta mwenye biashara wa kushirikiana naye. Wakamchagua nani? Yeye! Na aliyemtaja kwanza ni binti yangu, niliyemzaa mwenyewe. "Mama, yeye ana meza na jiko kubwa."

Jioni ya kuamkia mauzo nilipita pale hotelini. Wanafunzi wameshapika mbaazi, sufuria zinatoa mvuke, nao wanazibana vifuniko nzi wasiingie. Nyinyi mnajua: chakula cha nazi kikiwa cha moto hufunikwa kawa lililosukwa kwa ukindu, kipumue. Ukikibana, asubuhi kimechacha. Hilo sikumfundisha. Nikaona, nikamsalimu jirani vizuri, nikaenda zangu nikitabasamu. Nyumbani nikapika sufuria yangu kubwa, nikaifunika kawa. Nikasema, kesho watanitambua!

Asubuhi wazazi wamejaa shuleni, mbaazi zao zote povu, binti yangu analia. Mimi niko langoni na sufuria yangu, nangoja. Jirani akaja mbio.

"Mama, zimeharibika zote. Sijui nimekosea wapi. Jana nilikuona umepita, ukatazama, ukanyamaza, nikatulia. Nikasema kungekuwa na kosa, Mama angeniambia."

Jamani! Hakunisuta. Aliniamini. Afadhali angenitukana mbele ya watu, ningejua la kumjibu. Nikamwambia, "Niliona. Nilinyamaza kwa kijicho."

Nikainamisha uso. Kisha akashika sikio moja la sufuria. "Shika huko, Mama. Watu wana njaa."

Tukaiingiza shuleni pamoja. Mahamri yake, mbaazi zangu, na binti yangu akipakua huku bado anafuta machozi. Siku hizi tangi lipo, na wanafunzi wanakunywa maji matamu.

Namshukuru jirani huyo. Yumo humu ndani, simtaji, ingawa naona anajificha kwenye leso. Nanyi wenzangu, ukiona mwenzio anakosea, sema. Ukinyamaza, kimya chako naye anakitegemea.

Sisemi wivu umekwisha. Juzi kapaka hoteli rangi mpya! Nikiwa pale langoni naitazama rangi hiyo kwa uchungu, nikamwona mpishi wake mgeni anabana kifuniko kwenye mbaazi za moto. Nikapiga ukelele barabara nzima isikie: "Weka kawa, wewe! Weka kawa!"